Kanga ni Kipimo: Maoni kuhusu Vifaa Vinavyozaliwa Nyumbani

Kila linapotangazwa shindano la ubunifu, vijana wetu wa vyuo vya afya hufanya jambo lile lile. Hujifungia chumbani na kompyuta, hutafuta neno kubwa linalovuma mwaka huo, kisha hutoka na programu ya simu. Mwaka mmoja ni programu ya kumkumbusha mjamzito siku ya kliniki. Mwaka wa pili ni ya kumkumbusha mgonjwa wa kifua kikuu kumeza dawa. Mwaka wa tatu ni ya kuwakumbusha wote wawili. Sisemi kwamba programu hizo hazina faida. Nimewahi kukaa kwenye meza ya waamuzi, na zipo nilizozipa alama za juu kwa haki. Ninachosema ni kwamba waliozibuni, aghalabu, hawakuinuka kitini.

Tuinuke, basi, twende Kalangalala. Hiyo ni kata ya mjini Geita. Upande mmoja wa mji upo mgodi mkubwa ulioanza uzalishaji mwaka 2000. Kwingineko kote wapo wachimbaji wadogo, wachenjuaji, wenye makarasha, wanunuzi na masonara, pamoja na akina mama wanaowapikia wote hao. Tangu mwaka 2019 mji una soko lake la dhahabu, na kila mwaka hufanyika maonesho ya teknolojia ya madini, ambako mitambo mipya hupangwa juani ikang'aa. Mgeni akiuliza ubunifu wa mji huu uko wapi, wengi watamwelekeza kwenye maonesho. Mimi ningemwelekeza wodini na mwaloni.

Wodini atamwona muuguzi akifunga glavu juu ya kiwiko cha mgonjwa ili mshipa utokeze, kwa sababu mpira wa kubania haupo, au upo chumba cha pili na mgonjwa hawezi kusubiri. Atauona utepe wa plasta ulioandikwa saa kwa kalamu na kubandikwa ubavuni mwa chupa ya dripu, ili kila apitaye ajue maji yalipaswa kufika wapi ifikapo saa nane. Nyumbani atamkuta mgonjwa wa kisukari aliyekusanya sindano zake zilizotumika ndani ya dumu dogo la mafuta ya kula. Mwaloni atamkuta mama aliyejifunga mtandio puani, na jirani yake aliyetoboa kifuniko cha chupa ya maji ili matone yadondokee pale anapogonga jiwe, vumbi lisimtimkie usoni.

Mambo haya sisi huyaita kuungaunga. Neno lenyewe limebeba aibu: mtu akikukuta unaungaunga, huharakisha kuficha. Muuguzi huivua ile glavu mkaguzi anapoingia. Mgonjwa wa kisukari hamwambii daktari habari za dumu. Nadhani tunakosea. Pale ambapo mikono ya watu wengi imehangaika kwa namna ile ile, bila kuambizana, hapo ndipo pana kifaa kinachoomba kutengenezwa, na nusu ya kazi ya kukibuni imekwisha kufanyika.

Mfano ninaoupenda kuliko yote haukutoka mbali na sisi. Ulitoka Kigoma, nao unahusu damu.

Kila mkunga anajua kwamba kumpoteza mama baada ya kujifungua huanza kwa kosa la macho. Damu humwagika sakafuni, hunywewa na godoro, huchanganyika na maji ya uzazi, na jicho, hata la mtaalamu mzoefu, hukadiria chini ya kiasi halisi. Mama aliyepoteza mililita 500 ameingia katika hatari. Lakini nani, katika nyumba yenye taa ya koroboi, anaweza kusema hizi ni 300 na hizi ni 500? Mwaka 2005 Ndola Prata, Godfrey Mbaruku na Martha Campbell walichapisha utafiti kuhusu kupima damu ya uzazi kwa kanga. Walianzia kwenye jambo ambalo kila mwanamke wa nchi hii analijua na ambalo hakuna kitabu cha tiba kilichowahi kulitaja: kanga ndiyo inayotandikwa chini ya mzazi, na kanga zinazouzwa nchini zina ukubwa unaolingana. Basi kanga si nguo tu. Ni chombo chenye ujazo wake. Walipoipima, walikuta kwamba kanga mbili zilizolowa zinawakilisha damu inayovuka kidogo mililita 500. Wakunga wa jadi wakafundishwa kanuni moja isiyohitaji kusoma wala kuandika: kanga ya pili ikilowa, usingoje, mpe mama misoprosto, na mpeleke hospitali.

Haikuagizwa mashine, wala hapakujengwa kitu. Kilichofanyika ni kwamba mtu mwenye elimu aliitazama nguo ya kila siku akajiuliza inameza kiasi gani, kisha akaipima kwa uaminifu. Hili la pili ndilo tunalolisahau.

Marehemu Dkt. Mbaruku hakuanza hapo, na ningependa vijana wanaosoma jarida hili wamjue. Alipokuwa katika hospitali ya mkoa wa Kigoma, yeye na wenzake walianzisha mpango wa hatua 22, nyingi zikitegemea watu na vitu vilivyokuwapo hapo hapo. Kati ya mwaka 1984 na 1991 vifo vya akina mama hospitalini vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Hizo ni takwimu za hospitali ya pembezoni, katika miaka ambayo nchi ilikuwa haina hata sabuni ya kutosha madukani.

Na lile swali la kanga halikufa. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukihusisha wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Moyo wa utafiti ule ulikuwa shuka la plastiki lenye mfuko na mistari ya vipimo, linalowekwa chini ya mzazi ili damu ikusanyike na kusomwa kama maziwa kwenye chupa. Damu ikifika mstari, tiba zote za kwanza hutolewa kwa pamoja badala ya kupeana zamu: kukanda mfuko wa uzazi, dawa za kuukaza, dawa ya kuzuia damu, maji ya mshipa, na uchunguzi wa chanzo. Katika hospitali zilizotumia mpango huo, waliopata madhara makubwa, yaani kutokwa na damu nyingi mno, kupasuliwa tumbo au kufariki kwa sababu ya damu, walikuwa asilimia 1.6, katika hospitali nyingine walikuwa asilimia 4.3. Tofauti hiyo ilitokana na shuka lenye mistari na watu waliokubaliana la kufanya mstari ukifikiwa. Kwangu mimi, shuka hilo na kanga ya Kigoma ni ndugu wa tumbo moja.

Nimesema kanga ilipimwa. Nalirudia, kwa kuwa ziko hadithi za upande wa pili, na si haki kuzificha kwa wasomaji wanaotibu watu. Daktari wa Bangladesh, Sayeba Akhter, alibuni njia ya kuzuia damu ya uzazi kwa kufunga kondomu kwenye katheta, kuiingiza ndani ya mfuko wa uzazi na kuijaza maji ya chumvi ikakandamiza mahali panapovuja. Wazo ni la bei nafuu na ni la akili, na limeenea katika nchi nyingi, zikiwamo za kwetu. Mimi mwenyewe nimelifundisha kwa furaha. Lakini mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa hospitali za Uganda, Misri na Senegal, yakaonyesha kwamba baada ya njia hiyo kuingizwa, upasuaji na vifo vitokanavyo na damu havikupungua, viliongezeka. Yumkini watu walipoteza muda wakihangaika na puto badala ya kumkimbiza mama kwenye upasuaji. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kwamba njia za namna hiyo zitumike mahali ambapo upasuaji na damu ya kuongezea vinapatikana. Wazo lile halikuwa la kijinga. Lilipendwa kabla ya kujulikana.

Na kuna ubunifu wa nyumbani unaoua waziwazi. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara nchini Nigeria, wachimbaji wa dhahabu waliona kwamba mashine ya kusaga nafaka inaweza kusaga mawe pia. Ni wazo ambalo lingeweza kumjia mtu yeyote wa Geita. Mawe ya kule yalikuwa na risasi nyingi, vumbi likaingia katika nyua na katika unga, na watoto zaidi ya 400 wakafariki. Vijiji vilivyoathirika vilikuwa kadhaa, na hakuna aliyeuliza kilichomo ndani ya vumbi.

Sasa turudi mwaloni, kwa kuwa huko ndiko Geita ilikopata somo lililo ghali zaidi, somo la kifaa kizuri kisichotumika.

Mchimbaji mdogo husaga jiwe, huliosha, kisha huchanganya zebaki na mchanga uliobaki. Zebaki huikamata dhahabu, vikawa donge moja la rangi ya fedha. Donge hukamuliwa ndani ya kitambaa, kisha huchomwa ili zebaki iondoke na dhahabu ibaki. Karibu nusu ya uzito wa donge ni zebaki, na likichomwa wazi juu ya mkaa, zebaki hiyo hupanda hewani. Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Anayechoma huuvuta, mtoto aliye mgongoni huuvuta, na humfikia hata mtoto aliye tumboni, kwa sababu zebaki hupenya kondo la nyuma. Baada ya miezi au miaka huja mikono inayotetemeka, usingizi unaopotea, fizi zinazovimba, usahaulifu, hasira zisizo na sababu, na figo kuharibika. Mtaani huambiwa ni pombe, au mkono wa mtu. Na anayevuta mvuke mwingi kwa mara moja hubanwa kifua na kukohoa, akifika katika zahanati yenye foleni huandikiwa dawa za nimonia na kurudishwa kule kule kwenye jiko lake. Muuguzi mwenzangu uliye Kalangalala, Katoro au Nyarugusu: swali la "unafanya kazi gani, na unaifanyia wapi?" huchukua nusu dakika.

Kifaa cha kuzuia hayo kinajulikana tangu zamani. Huitwa ritoti: chungu cha chuma chenye mfuniko uliokaza na bomba linaloshuka. Donge huwekwa ndani, moto huwashwa chini, mvuke hupita kwenye bomba lililopozwa kwa maji au kwa kitambaa kibichi, ukageuka zebaki tena na kudondoka. Zebaki huokolewa, hutumika mara nyingine, na mapafu husalimika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda liliendesha mradi wa zebaki katika nchi sita, na kwa Tanzania mahali palipochaguliwa palikuwa Rwamagasa, katika wilaya ya Geita. Wataalamu waliwapima wakazi, wakakuta dalili za sumu ya zebaki miongoni mwa wachomaji. Vilevile walionyesha ritoti ambazo fundi wa kawaida anaweza kuziunda kwa vipande vya mabomba ya maji, na nyingine za bakuli za jikoni.

Hata hivyo donge bado linachomwa wazi. Kwa nini? Jibu ambalo nimelisikia katika semina nyingi ni kwamba wachimbaji hawana elimu. Ni jibu la kivivu. Kaa na wachomaji uwasikilize. Donge moja lina wenyewe wengi: yupo mwenye duara, wapo waliochimba, yupo mwenye karasha, yupo aliyetoa zebaki kwa mkopo. Wote husimama kulizunguka jiko, macho kwenye donge, maana pale ndipo jasho la wiki nzima linapogeuka kuwa fedha. Sasa mwambie mmoja wao alichukue donge, alitumbukize ndani ya chungu cha chuma, akaze mfuniko, na wenzake wangoje bila kuona. Likitoka likiwa dogo kuliko walivyotarajia, nani atamwamini? Ongeza kwamba uchomaji wa wazi huisha upesi na chungu hukawia. Na kwamba dhahabu iliyochomwa ndani ya chuma huweza kutoka na rangi iliyofifia au kung'ang'ania chini ya chungu, na mnunuzi akapata sababu ya kushusha bei. Ritoti ya chuma ilitatua tatizo la daktari na kumzalishia mchimbaji tatizo jipya.

Ndiyo maana nayaheshimu zaidi mawazo ya kioo. Bakuli la kioo, la kawaida, linalofunikwa juu ya donge wakati wa kuchoma, huukamata mvuke mwingi ukaganda kwenye kuta zake, na wote wanaohusika wanaiona dhahabu yao tangu mwanzo hadi mwisho. Bakuli lina kasoro. Kioo kisichostahimili moto hupasuka, mvuke mwingine hupenya pembeni, na anayelifunua kabla halijapoa huvuta kile kile alichotaka kukiepuka. Kwa hiyo ni lazima kazi ifanyike nje, mbali na nyumba na watoto. Lakini aliyelifikiria alikuwa amelijibu swali la mchimbaji kabla ya lile la mtaalamu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, mkataba uliopewa jina la mji wa Japani ambao zebaki iliwalemaza watu wake, nao unazitaka nchi zenye wachimbaji wadogo kuchukua hatua za kukomesha uchomaji wa wazi na uchomaji katika makazi ya watu. Saini imewekwa. Bado hatuna bakuli ambalo mchomaji wa Geita atalinunua kwa hiari yake.

Naamini bakuli hilo halitatoka katika ofisi ya yeyote kati yetu. Kama litapatikana, litatoka kwa mchomaji, sonara, fundi wa kuchomelea na muuguzi waliokaa kwenye benchi moja. Tatizo ni kwamba benchi hilo hatuna, na hata lingekuwapo, tuna desturi ya kumnyamazisha anayekaa mwishoni.

Nani asiyemkumbuka Erasto Mpemba? Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa shule ya sekondari Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu ya maziwa na wenzake. Kwa hofu ya kukosa nafasi kwenye jokofu, aliingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto, nayo yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Aliuliza tena alipokuwa Mkwawa, Iringa, akachekwa darasa zima. Bahati yake ni kwamba alifika mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, ambaye hakucheka. Alirudi maabara akajaribu, na mwaka 1969 wakaandika pamoja. Wanasayansi hadi leo wanabishana kuhusu jambo lile, na wabishane. Linalonigusa ni wale walimu. Nimekaa wodini miaka mingi ya kutosha kujua kwamba sisi ndio wale walimu. Mhudumu wa usafi anaposema kwamba ndoo ya taka hatarishi ikihamishwa pale mlangoni watu wataacha kutupa sindano kwenye ndoo nyingine, nani humsikiliza? Ameliona jambo hilo kwa miaka kumi, akiwa ameinama. Daktari hajaliona hata siku moja.

Pendekezo langu ni dogo, na gharama yake ni kaunta buku moja. Kila kituo cha afya kiwe na daftari la kuungaunga, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kulifikia: daktari, mhudumu, mgonjwa, mama aliyemleta mtoto. Anayeandika aeleze kilichomsumbua, alichokifanya kujinusuru, na kilichoharibika baadaye. Asiyeandika aandikiwe. Mara moja kwa mwezi daftari lisomwe kwa sauti katika kikao cha kituo, na jina la aliyetoa wazo libaki kando ya wazo lake, hata kama wazo litafika Dodoma.

Najua muuguzi anavyochoshwa na vitabu vya MTUHA, na sitashangaa akilitupia pendekezo hili jicho baya. Lakini pingamizi lililo zito zaidi ni jingine, nami nalikubali kwa sehemu kubwa: kwamba tukiusifu mno ubunifu wa kuungaunga, tunawapa wakubwa kisingizio cha kuacha bohari tupu. Glavu iliyofungwa mkononi si uvumbuzi, ni upungufu. Mpira wa kubania mshipa ulikwisha kubuniwa, unauzwa, na jibu lake ni kuununua. Hapa ndipo daftari litakapotusaidia, kwa kuwa litatenganisha mambo mawili tunayoyachanganya kila siku. Yatakuwapo yale yaliyokosekana kwa sababu hayakuagizwa. Hayo yapelekwe kwa mganga mfawidhi na kwa Bohari ya Dawa, yakiwa na tarehe. Na yatakuwapo yale yaliyokosekana kwa sababu hayapo popote duniani, au yapo kwa umbo lisilotufaa. Hayo ndiyo ya kukaa nayo.

Kwa hayo ya pili, nchi ina milango zaidi ya tunavyodhani. SIDO ipo tangu mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na mafundi wa VETA wanaweza kukunja bati na kukata kioo vizuri kuliko sisi. Tume ya Sayansi na Teknolojia ina mashindano ya kitaifa ya ubunifu, yale ya MAKISATU, tangu mwaka 2019, na hayakuwekwa kwa ajili ya wenye shahada peke yao. Chuo kiwe na kazi moja isiyofanywa na wengine: kupima. Kama ni chupa ya matone ya kuzuia vumbi, tupime kama vumbi la silika, lile jembamba lisiloonekana ambalo ndilo hukwaruza mapafu na kuukaribisha ugonjwa wa kifua kikuu, linapungua kweli, au tunamfariji mtu tu. Mtandio wa puani hauzuii vumbi hilo. Hili linajulikana, na anayeutegemea anastahili kuambiwa. Kama ni kifaa kinachoingia mwilini, kisimguse mgonjwa hata mmoja kabla ya ruhusa ya kamati ya maadili na ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Nimekwisha kueleza habari za puto la kondomu.

Nawe msomaji uliye mgonjwa, usifiche kuungaunga kwako. Mwambie muuguzi kuhusu lile dumu la sindano. Pengine atakuonyesha kwamba halifai, kwa kuwa plastiki yake ni nyepesi na sindano hupenya. Pengine atakuonyesha namna ya kulifanya lifae. Kwa vyovyote vile, ukilificha, wa kuumia ni mtoto anayeokota madumu.

Daftari langu mwenyewe nimekwisha kulianza. Mstari wa kwanza nilipewa na mama mmoja wa Kalangalala, aliyekuja kliniki na ujauzito wa miezi mitano. Nilimweleza habari za zebaki kama ninavyowaeleza wote: usichome, usikae karibu na anayechoma, usiweke zebaki ndani. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu. Kisha akaniambia kwamba yeye hachomi, na mumewe huchomea kule kule mwaloni; lakini jioni mume hurudi na nguo zake za kazi, na nyumba yao ni chumba kimoja chenye beseni moja, linalofulia nguo na kuoshea vyombo na kumwogeshea mtoto wa kwanza.

"Daktari," akaniuliza, "hizo nguo nizifulie wapi?"

Sikuwa na jibu. Niliandika swali lake kama alivyolisema, pamoja na tarehe.